Gunzi Kwenye Bomba la Kupumulia

Karungu, Nyanza Kusini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Naomba barua hii ikukute umeketi, si kitandani. Kile kifua kinakuacha ulale? Na eda unaikaaje, nani anakuchotea maji? Mimi mwili ni mzima. Moyo tusiutaje.

Kaka Juma ameniandikia kwamba arobaini ya Baba imesomwa hapo Gazi na nyumba ilijaa, ila mimi tu sikuonekana, na kwamba bara imenimeza nikawasahau. Yeye aseme atakavyo. Wewe, Mama, nataka ujue nilikuwa njiani.

Unajua kazi yangu huku ni kulitengeneza lori la Mama Atieno, mjane anayepeleka samaki wakavu Kisumu. Lori lenyewe limechoka. Ringi za pistoni zimelika, basi moshi unapenya chini hadi kwenye mafuta, na injini ya namna hiyo lazima ipumue. Ina bomba lake ubavuni la kuutolea huo moshi. Kwa kuwa ulitoka na matone ya mafuta, nilifunga pale kopo tupu la samli, ndani nikatia waya wa kusugulia sufuria, ili mafuta yabaki humo na moshi upite. Harufu tu ndiyo ilikuwa ikituingilia mbele tulipokaa.

Siku ya safari nilivaa kanzu ile nyeupe, nikakaa kati ya Mama Atieno na Okelo, dereva wake. Stima ya ziwani ilikuwa imeshaondoka, kwa hiyo lori ndilo lililokuwa tegemeo langu la kuwahi treni Kisumu. Tukiwa bado mbali na Homa Bay, injini ikaanza kugonga, kisha ikasimama kabisa. Nikashuka. Nyuma yetu barabara nzima ilikuwa na mafuta, na sili za injini, zile za kuzuia mafuta yasivuje, zimesukumwa nje. Nikalitazama kopo langu. Mdomo wake umezibwa kwa gunzi la mahindi.

"Ni mimi, Fundi," Mama Atieno akasema, tena kwa furaha. "Hiyo moshi ilikuwa naingia ndani. Nikasema huyu mtoto anaenda kwa matanga ya baba yake, nguo yake isichafuke."

Moshi ulikosa pa kutokea, ukayasukuma mafuta yote nje, vyuma vikasagana vikavu. Nilimwambia gari ni zee tu. Jioni hiyo mvua ikashuka, na mto uliokuwa mbele yetu ukafurika. Lau tungekwenda saa moja zaidi tungekuwa tumeuvuka. Maji yalipopungua, treni ya kunifikisha kwa wakati haikuwepo tena. Tulirudi Karungu kwa gari la ng'ombe, nami nilikuwa na hasira nisiyojua nimpe nani.

Nisalimie shangazi anayekaa nawe edani, na mke wa Kaka, na mjomba muadhini. Kaka mwambie nimepokea maneno yake.

Nilitaka kufunga bahasha hapa, nikashindwa. Tangu ile simu ya kifo inifikie sikuwa nimetoa hata chozi, na jambo hilo lilinitisha. Siku ya arobaini nilisoma Yasini peke yangu kwenye banda la gereji, macho makavu. Kumbe Okelo alikuwa ameshamweleza Mama Atieno kazi ya lile bomba. Akaja na wanawake wenzake wa sokoni. Huku kwao watu humlilia marehemu kwa sauti tangu langoni, hata wasiomjua. Mama Atieno aliuliza tu, "Baba yako naitwa nani? Tutamlia na jina."

Nikamtajia. Wakaanza, "Bakari! Bakari, baba ya Hamisi!" Mama, sikuwa nimelisikia jina la Baba likiitwa kwa sauti tangu niondoke nyumbani. Nikaishika nguzo ya banda nikalia mpaka sauti ikanikauka, na Mama Atieno amenishika bega.

Kaka asisomewe hapa, atasema dini yetu haitaki maombolezo ya namna hiyo. Lakini wewe ujue nimemlilia.

Mwanao,
Hamisi