Togwa ya Sekela

Tunduma,
14 Juni, 1953.

Mpendwa kaka Abrahamu,

Pokea salamu zangu, za baba Aida, na za wapwa zako wote, ambao kila lori likisimama hapa hukimbilia kutazama kama umo. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu, ila magoti yananiuma kila asubuhi kwa baridi hii. Na wewe je, kifua kinaendeleaje? Mnyiha mmoja aliyerudi kutoka huko machimboni alituambia mnashushwa shimoni jua halijatoka na kutolewa jua limekwisha kuzama. Jifunike, kaka. Wifi Ketrina naye hajambo? Mwambie blanketi alilonitumia limefika, na baba Aida amelinyakua. Mimi nalala na kanga yangu ile ile.

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mpaka imechakaa. Nitakueleza kwa nini, ila niache kwanza nikupe habari za mji, maana nikianzia huko kalamu itanishinda.

Tunduma hii ukishuka leo utadhani umeteremshwa pasipo pako. Pale tulipokuwa tukichunga mbuzi pana duka la Mhindi la mabati, na mbele yake bucha ya Msomali. Wanyakyusa wanaleta mchele na ndizi, Wabemba wanavuka na samaki wakavu, watu wa Ivuna wanapanda na chumvi yao. Vijana wa kila kabila waendao machimboni wanalala hapa wakingoja lori, na wengine hawaendi tena, wanaoa na kubaki. Kanisani wimbo mmoja tunauimba kwa lugha tatu, na kila kundi linataka lisikike lenyewe. Jumapili moja Wabemba walimaliza ubeti sisi bado tuko katikati, mchungaji akafumba macho tu, maskini.

Sisi Wanamwanga, ambao Wazungu walipitisha mpaka katikati ya ukoo wetu, mama huku na wajomba kule, tungekuwa watu wa mwisho kumwuliza mtu ametoka wapi. Ndio tumekuwa wa kwanza! Baada ya mavuno ya mwaka jana jumbe aliita baraza akatangaza kwamba mashamba ya kando ya barabara ni ya wenyeji tu, na wageni wahamie ng'ambo ya kijito, kila kabila na kitongoji chake. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga pia, tena kwa nguvu.

Sasa shamba la marehemu mdogo wetu Hezron unalijua lilipo. Limeangalia barabara moja kwa moja, na siku hizi kila mwenye macho analitamani.

Mjane wake, Sekela, ni Mndali wa milimani, na hakuwahi kulificha hilo. Mtoto wao wa pekee alifariki angali ananyonya, akazikwa ukingoni mwa shamba hilo hilo. Nawe unajua jinsi Sekela alivyonifaa. Nilipomzaa Aida kwa shida, ni yeye aliyenishika mgongo mpaka mtoto akatoka, kisha akanipikia uji mwezi mzima huku akinitania kwamba Wanamwanga tukiumwa tunalia kuliko ng'ombe wa Msomali. Jumbe alipoulizwa habari zake alisema ukoo ukimpokea atahesabiwa mwenyeji, usipompokea ni mgeni kama wageni wengine.

Na kwetu mjane anavyopokelewa hujasahau. Siku ya kuondoa matanga huleta kibuyu cha pombe ya ulezi, akapiga magoti mbele ya dada wa marehemu. Dada akinywa, mjane ni wetu mpaka kufa kwake. Dada akikiweka chini, basi, afungashe. Na Hezron hakuwa na dada mwingine ila mimi.

Sekela alikuja mbele ya watu wote, akapiga magoti, akaninyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Nikakipokea, nikakiinua mpaka karibu na mdomo, halafu nikakiweka chini. Nikasema kwa sauti kwamba mimi ni mbatizwa, mke wa mzee wa kanisa, na pombe haitapita midomoni mwangu hata kwa ajili ya ndugu. Sekela alifungua mdomo aseme neno. Nikaanzisha wimbo. Ndiyo, kaka, niliimba! Akina mama wakadakia, na sauti yake ikapotea humo humo. Kesho yake alifunga vyombo vyake akavuka mpaka kwenda Nakonde.

Mchungaji alinisifu mbele ya kanisa zima, kwamba nimemchagua Bwana nikaacha mila. Nikafanywa kiongozi wa akina mama. Nafunga kitambaa cheupe, nakaa kiti cha mbele. Kisha binamu yetu Danford akakuandikia jinsi nilivyoitetea dini, nawe ukaniandikia kwamba unajivunia dada yako. Loo, kaka, heri ungenitukana. Hiyo ndiyo barua niliyoisoma mpaka ikachakaa.

Haikuwa pombe. Ilikuwa togwa. Sekela alinijua mimi na kanisa langu, akanipikia togwa tamu ya ulezi ambayo hata mtoto mchanga hupewa, ili nimpokee bila kupata lawama kwa mchungaji. Na usidhani nilikuja kujua baadaye. Kibuyu kilipofika puani hakikuwa na harufu ya chachu hata kidogo. Nilijua kabla sijakiweka chini, na nikakiweka chini hivyo hivyo, macho makavu, nikiliangalia shamba kwa juu ya kichwa chake. Watu walipotawanyika, Aida na wadogo zake waliinywa yote wakalamba na vidole. Niliwaona kwa macho yangu.

Shamba nalilima mimi sasa. Mhindi ameshaniuliza habari ya kona moja ya kujengea ghala, sijamjibu. Kila Jumapili naapa nitamweleza mchungaji, na kila Jumapili nakwenda kukaa kwenye kile kiti. Naona aibu, kaka. Naona aibu mpaka chakula hakipiti.

Juma lililopita nilijikaza nikavuka kwenda kumwomba radhi. Anawapikia vibarua wa barabara. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeshukuru. Hakunitukana. Alinipangusia kigoda, akainama, akapiga yale makofi tunayowapigia wageni wa heshima, akaniita mama. Sekela huyu, aliyekuwa akiniita wifi hata mbele ya mchungaji! Tena alinisemesha Kiswahili, sisi ambao tangu aolewe tulizungumza Kinamwanga, na chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu. Nikamweleza yote, hata ile harufu. Nikamwambia shamba ni lake, arudi, nitasema mbele ya jumbe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, akashukuru. Kurudi hatarudi, kwa maana hawezi kupeleka kibuyu mara ya pili. Kisha akasema ana ombi dogo, kama sitachukia. Aliniomba ruhusa avuke siku moja aje kupalilia kaburi la mwanawe, akauliza kama mwenye shamba angependa aje asubuhi au jioni.

Mwenye shamba ni mimi, kaka.

Ukipata likizo, pitia kwake Nakonde kabla hujafika kwangu, na usinisifu tena kwa mtu yeyote. Msalimie sana wifi Ketrina na watoto, na rafiki zako wote wa huko shimoni. Baba Aida anakusalimu. Yeye bado hajui, na leo nitamsomea barua hii kabla sijaifunga.

Ni mimi dada yako,
Nesta