Unga wa Bei ya Ndugu

Ujiji, 9 Machi 1997

Kwa kaka Nassib, Kasulu.

Shikamoo. Ushauri wako wa kubana matumizi nimeufuata. Chai tunakunywa bila sukari, samaki wetu wa migebuka tumewaacha, na jioni mimi hulalia maji ili watoto washibe. Unga nanunua kwako tu, ule wa msaada unaosema wakimbizi wanakuuzia. Nilikushukuru kwa kunipunguzia bei.

Jana nilimsifu Lulu kwamba hakulia siku ile ulipowapeleka yeye na mdogo wake Faridi chanjo, wakarudi na wino kidoleni. Akanijibu, "Mama, hatukuchanjwa. Mjomba alituandikisha kambini, tupate unga."

Kumbe nimekuwa nikinunua posho ya wanangu mwenyewe! Hilo ningelimeza, kaka, maana shida naijua. Lakini Lulu anasema ulimfundisha na la kumjibu karani akiulizwa mama yuko wapi: alizama ziwani tulipovuka kutoka Zaire. Faridi mdogo aliamini, akalia kweli, na karani akaandika.

Unga uliobaki nimeufunga kwenye mfuko. Njoo uuchukue, ukapikie matanga yangu.

Mdogo wako,
Yusra