Ushuhuda wa Mama Nyota

Jumatatu, 5 Machi 2012
Base Camp hadi Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi, kwa baiskeli. Ukungu umelala juu ya maharage. Niliendesha kama mtu ambaye hajaamka. Mama Nyota anaendelea vizuri. Kidonda cha mguu kimefunga tangu apasuliwe hospitalini Mbarara; sasa kazi yangu kama muuguzi wake ni kumpunguzia mofini ya maji, ile dawa ya maumivu, kidogo kidogo. Nimemwekea alama mpya kwenye kikombe cha dawa. Anasema akinywa maji yale ya kijani huona ng'ombe wa baba yake wakishuka mlimani, weupe, bila sauti. Nilimwonea wivu. Mimi nikilala naota zamu.

Jumapili, 11 Machi
Kanisani wamemwita Mama Nyota mbele ashuhudie. Ameweka fimbo chini, ametembea. Vigelegele. Nami nililia, sikatai.

Jumanne, 13 Machi
Nimekasirika. Kanisani kwetu aliyeshuhudia kupona hashiki dawa tena. Akishika, ataitwa mwongo. Basi Jumapili ileile jioni Mama Nyota aliimwaga yote nyuma ya jiko. Nimemkuta anatetemeka, jasho, pua na macho vinachuruzika, anaharisha. Akinamama wa maombi wamemzunguka wakikemea pepo. Pepo gani. Ni mwili unaodai ulichozoeshwa.

Nilimweleza. Akajibu, akiniita muuguzi kwa Kifaransa, "Infirmière, Mungu haponyeshake nusunusu."

Nilipanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia daktari wa Mbarara. Amesema arudie kipimo cha mwisho cha dawa, atulie, kisha tukishushe polepole zaidi. Chupa mpya nimempelekea. Hataki kuigusa.

Jumatano, 14 Machi
Alfajiri, mlangoni kwake. Ziwa kwa mbali, kama shuka iliyoanikwa. Simlaumu, namhofia tu. Ile methali ya haraka na baraka ilinifika mdomoni, nikaimeza. Mahubiri ameshasikia ya kutosha. Nilimwuliza tu kama kidonda chake kilifunga kwa siku moja.

Aliutazama mguu wake. Kisha akanyoosha mkono, akaomba kikombe.

Jumapili, 25 Machi
Juzi tulishusha kipimo tena, kidogo mno. Hakutetemeka.

Ibadani alisimama bila kuitwa. Nilitamani kumvuta kitenge akae.

"Bandugu, Mungu ananiponyesha polepole. Dawa ningali nakunywa. Sina na haya."

Mvua nyepesi juu ya turubai. Hakuna aliyepiga kigelegele. Alibaki amesimama. Halafu mmoja wa akinamama wa maombi akasogea kwenye benchi, akampisha akae.