Mbaazi Zenye Maganda

Jumanne

Leo mshauri wa kliniki ameniuliza, "Mama Mwende, wewe na mzee mlicheka pamoja lini mara ya mwisho?" Nikaanza kuhesabu miaka. Niliogopa. Akasema hata biashara yangu ya maembe ipewe saa ya kufungwa.

Nikakumbuka kule kijijini Kalama, mwaka tuliooana, mimi na mzee tukiambua mbaazi kwa sinia moja. Alikuwa akiniibia nilizoambua, ajifanye ameshinda.

Basi jioni nikanunua mbaazi zenye maganda. Mzee akashangaa.

"Si sokoni wanauza zilizoambuliwa?"

"Keti, Baba Mwende. Tuambue."

Simu yangu ikalia. Mteja wa maembe.

"Hushiki?"

"Kesho. Wewe ambua."

Tukaambua tu, mpaka nikadhani nimechelewa. Halafu nikaona mkono wake ukinyemelea rundo langu, polepole, kama zamani.