Samaki wa Kijivu Aliyekataa Kula

Atieno rafiki yangu,

Usinicheke kwanza. Najua utanicheka tu, maana ulianza kunicheka hata kabla sijafungua mdomo. Nimekaa kwenye kiti chako cha zamu, chumba cha watoto hapa zahanati tulipouguza pamoja, nakuandikia habari za samaki wako. Barua hii sijui nitaipeleka wapi. Acha tu niandike.

Kwanza nitubu. Tulipotoka kukuzika kwenu Shirati, niliwakuta samaki wako sita kwenye ile chupa kubwa ya dawa. Nawe unanijua, mimi ni Mkurya, nimelelewa kusugua kibuyu cha maziwa mpaka kinukie. Nikaona utando wa kijani kwenye kioo, nikasema aibu gani hii, yatima wa Atieno wanalala kwenye uchafu! Nikamwaga maji yote, nikasugua mawe kwa majivu, nikajaza maji mapya ya mto Mori. Asubuhi wanne walikuwa wanaelea, tumbo juu. Wanne! Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Na ulishaniambia, "Bhoke, samaki si ndama, usimwogeshe." Masikio nilikuwa nayo, sikusikia.

Wakabaki wawili, yule dume wa buluu na yule jike wa kijivu. Sista mkubwa akasema hawa nao wakifa, basi, hakuna tena samaki mbele ya wagonjwa. Nikaona hapo ndipo utakapokufa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Nikaenda Musoma kutafuta chombo. Dukani kwa Mhindi kulikuwa na bakuli la kioo, la duara, limefungwa pamoja na mawe ya rangi, wavu mdogo na kopo la chakula. Kila kitu cha mtu anayeanza, alisema. Jamani, lilikuwa zuri! Nikalikumbatia kabisa. Halafu nikakukumbuka: "Anayeanza achukue chombo kipana na samaki wachache. Kidogo kinachafuka upesi, na mgeni bado hajayajua maji." Nikalirudisha, nikanunua wavu peke yake. Mhindi alinisonya mpaka mlangoni.

Sanduku la samaki wako limetengenezwa na seremala wa hapa Nkende, kwa mbao na vioo vya dirisha. Ni baya, Atieno, sikufichi. Ni kama jeneza la mbuzi. Lilivuja mara mbili, ya tatu likakubali. Nikatia mchanga na majani ya ziwani, nikaacha maji yatulie siku nyingi, nikachanganya na yale waliyokwisha kuyazoea chupani. Ndipo nikawahamisha kwa wavu, mmoja mmoja.

Wiki hazikupita nyingi, yule wa kijivu akakataa kula. Mashavu yakamvimba. Namtupia chakula, anakitazama tu, anajificha nyuma ya jiwe. Moyo ukaniambia maji ni machafu, mwaga, sugua. Hata majivu nilishayachota jikoni. Nikasikia sauti yako ile ya ukali, "Kama hujui, usiguse." Nikayarudisha. Siku zikapita, yeye anakonda, mimi nakonda.

Leo asubuhi Nyangi, kabinti kamoja kenye homa ambako kwinini tunakanywesha kwa kukaziba pua, kamepiga kelele. Nikakimbia nikijua samaki amekufa. Kumbe! Wa kijivu amefungua mdomo, vinatoka vitoto, vidogo kama mbegu za wimbi, vina macho. Nyangi akagonga kioo, vyote vikarudi mbio mdomoni kwa mama yao, akavifungia. Mtoto alicheka mpaka akakohoa, kisha akanywa kwinini mwenyewe. Sista mkubwa akaja kutazama, akaleta kiti.

Wewe ulijua! Mtu wa ziwani, utakosaje kujua? Mbona hukuniambia kwamba mama anaweza kushinda njaa siku zote hizo kwa sababu mdomo umejaa watoto? Nimekukasirikia, nimecheka, nimekukumbuka vibaya sana.

Mvua zikipungua nitapanda basi na ndoo magotini, niwapeleke baadhi ya vitoto hivi ziwani, pale mbele ya kwenu, kisha nimwamkie mama yako. Abiria wakinisukuma nitawafokea kama ulivyowafokea wewe ulipowaleta samaki wako kwa ndoo.

Pumzika, nyar Shirati, binti wa ziwani. Kioo kimeanza tena kuwa cha kijani. Sijakigusa.

Bhoke wako