Kisagio cha Mkono na Kile cha Stima

Thika, Jumapili baada ya kanisa

Kwako Mayi mpendwa,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa. Na wewe Nekesa, dada yangu unayemsomea, soma polepole, usiruke maneno kama kawaida yako. Goti la Mayi linaendeleaje? Wimbi limeshapaliliwa, au mnaningoja mimi? Mwili wangu ni mzima. Kichwa ndicho sikielewi, na ndiyo sababu nakuandikia wewe, Mayi, wala si Papa, maana jambo lenyewe ni la kusaga.

Usicheke. Nekesa, kama Papa yuko karibu, ngoja kwanza atoke. Nilipowaambia nafanya kazi ya mashine kwenye hoteli ya Mtaliani hapa Thika, nilisema kweli, ila mashine yenyewe ni kisanduku cha mbao chenye mkono wa chuma juu. Nakibana katikati ya magoti, natia kahawa iliyokaangwa, nazungusha mpaka bega linauma. Mwanao, aliyetahiriwa mbele ya watu na hakupepesa jicho, anasaga kutwa kama mke mpya.

Bwana aliletwa Kenya akiwa mfungwa wa vita, vita vikaisha akabaki. Kahawa anainunua shambani huko Ruiru, halafu anaipika kwa namna ya kwao. Maji ya moto yanasukumwa kwa nguvu ndani ya unga ulioshindiliwa, nayo kahawa inatoka nyeusi, nzito, kikombe kidogo kama cha kupimia dawa. Unga ukiwa wa chenga, maji yanapita mbio. Ukiwa laini mno, maji yanakataa kupita kabisa. Mimi na kisagio changu tumezoeana. Nausikia unga kwa vidole, kama wewe na wimbi.

Sasa Memsahibu, mke wake, ameleta kisagio cha stima, kikubwa, kinanguruma, na kabla hujafunga aproni kazi imekwisha. Bwana hakipendi. Anasema kinachoma kahawa, unga unatoka na joto. Nikamkumbuka Papa na unga wa mashine ya Mhindi pale sokoni, anavyosema unanuka moshi, halafu anavyoimaliza sahani. Memsahibu naye anasema wateja hawatangoja mtu azungushe mkono. Wakizozana, wote wawili hugeuka kunitazama mimi. Ninachojua ni kwamba kisagio cha mkono kikiondoka, sioni mimi nabaki kwa kazi gani, na siku hizi za hali ya hatari mtu asiye na bwana hakai mjini.

Siku ya kwanza nilipewa hicho cha stima nikijaribu. Mayi, ulitulea tukijua kwamba unga wa chenga ni aibu ya nyumba. Basi nikakaza gurudumu lake mpaka mwisho, ukatoka unga laini ajabu, nikajisifu. Bwana akavuta mkono wa mtambo wake wa kupikia kahawa chini, tukangoja. Tone moja, basi. Nikaogopa, nikalegeza gurudumu kupita kiasi, na safari hii mkono wa mtambo ukaruka juu ukampiga Bwana kidevuni. Njoroge, mwenzangu wa jikoni, mtu wa huko Ruiru, alijificha nyuma ya masufuria akicheka.

“Wafula, utatuulia Mzungu,” akaniambia. “Hii kitu si ugari!”

Jana jioni wateja walipoondoka, wakanikalisha mezani, kwenye kiti cha wateja, na vikombe viwili mbele yangu. Kimoja cha mkono, kimoja cha stima, bila alama.

“Wewe onja,” Bwana akasema. “Gani iko mzuri? Sema kweli.”

Mayi, tangu nianze kuisaga kahawa hiyo sijawahi kuionja. Ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Ya pili chungu vilevile. Njoroge alikuwa akipunga mkono kule mlangoni, lakini kama ananielekeza au anafukuza nzi, sikujua. Nikaonja tena. Kile cha kulia kikaniachia utamu kidogo nyuma ya ulimi. Nikajiambia, hii ni kazi ya bega langu, nitaikosaje? Nikaonyesha cha kulia.

Memsahibu akapiga makofi. Kilikuwa cha stima.

Bwana hakufoka. Alikichukua kisagio cha mkono, akakipangusa kwa kitambaa, akakifunga ndani ya gunia, akanikabidhi. “Chukua. Iko yako.” Akanipa mkono, jambo ambalo hajalifanya hata siku moja, akaenda zake.

Sasa hiyo ni nini, Mayi? Njoroge alisema, “Acha uoga, hiyo ni zawadi. Mtu hafutwi kazi na zawadi mkononi.” Baada ya kula akakuna kichwa. “Lakini baba yangu alipofutwa kule kwa mashamba, alipewa branketi.” Nimelala na gunia hilo karibu na kichwa, na nimeamka sijui zaidi.

Nakumbuka ulipoanza kupeleka wimbi kwa Mhindi, hukulitupa jiwe lako la kusagia. Uliliosha, ukaliegemeza nyuma ya mlango, na wageni wakija unalitoa. Niambie, ulijuaje kwamba bado lina kazi? Naogopa, Mayi. Naogopa, na wakati huohuo nataka kucheka.

Nisalimie Papa, umwambie tu kwamba mashine inaendelea. Nisalimie shangazi anayetuuguzia nyanya, na mjomba aliyenisindikiza mpaka kwenye treni. Barua hii naipeleka posta kesho alfajiri kabla hoteli haijafunguliwa, kwa hiyo jibu la kama nimefutwa halimo ndani.

Kisagio kikikufikia mikononi mwa mtu mwingine wa kwetu, ujue bado nina kazi. Kitumie hata kwa njugu. Ukiniona nakuja nacho mwenyewe begani, usiniulize kitu mbele ya Papa. Nipokee gunia, uniwekee maji ya kuoga.

Ni mimi mwanao msagaji,
Wafula