Mafuta ya Cherehani kwenye Bunduki ya Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba haraka, kwa sababu leo ni Jumatatu na jambo lenyewe ni la Jumamosi hii. Mimi ni fundi wa nguo sokoni Jericho, nimeolewa miaka kumi na moja, mume wangu ni mtu mzuri, hanipigi wala halewi, lakini tangu kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kipunguze watu mwezi wa pili amekuwa mtu wa kulala chali akiangalia dari, mtoto akimwongelesha anajibu baada ya muda, na kitu kimoja tu ndicho kinachomwinua, bunduki ya upepo aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambaye alikuwa mlinzi wa shamba huko nyumbani na alikuwa akifukuzia ndege nayo. Kila Jumapili tukitoka kanisani anaitoa nyuma ya kabati, anapanga vifuniko vya soda mbele ya godoro kuukuu kwenye ua nyuma ya nyumba, anavilenga kimoja kimoja, na kwao wana mwiko kwamba mwanamke haigusi, ati ikiguswa na mwanamke haitalenga tena.

Mshauri, mimi niliigusa. Alikuwa amelalamika kwamba inalia kama mlango wa zamani na haina nguvu, nami nikasema moyoni, hii si ndiyo kazi yangu ya kila siku, cherehani ikilia unaitia mafuta, kwa hivyo alipotoka kutafuta kibarua nikachukua kichupa changu nikatia matone mengi kwenye kile kitundu cha kupitishia hewa na mengine mtutuni, nikairudisha ilivyokuwa. Jumapili akafyatua. Ilitoa mlio ambao hatujawahi kuusikia, moshi ukatoka mtutuni, kifuniko kikatoboka na godoro likatoboka. Nilijua nimepatikana, kumbe akacheka, mshauri, alicheka mpaka akaketi chini, akasema, "Mzee amerudi. Umeona nguvu hizo?" na siku hiyo akala ugali wote, akaniuliza habari za kazi yangu. Jumapili iliyofuata mlio ukapungua, nikauona uso wake unaanza kufunga tena, basi nikaitia mafuta tena. Nimefanya hivyo mara tatu sasa. Jana risasi ilipita godoro ikapenya uzio wa ua, ikatoboa beseni la jirani yangu Mama Kui, na mtoto wake alikuwa ndiyo kwanza ametolewa majini anapanguswa. Mama Kui alisema beseni limechakaa, nami nikakubaliana naye.

Jumamosi kanisa letu lina siku ya familia kule mtaa wa Tena, mume wangu amejitolea kuleta bunduki watu walenge baluni, mchungaji ametangaza, watoto kwa wakubwa wamejiandikisha, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kushona pazia la kutundikia hizo baluni. Nyuma ya pazia ndiko akina mama watakapopika. Nimeshona nusu. Nikisema ukweli atajua niliigusa, na atajua nguvu zilizomfurahisha zilikuwa mafuta yangu, na sijui kama atainuka tena kitandani. Nikinyamaza sili wala silali. Nifanye nini? Usitaje jina langu, maana yeye husoma safu yako gazetini kila Ijumaa kwa kinyozi, na akirudi hunisimulia.

Mwenye Cherehani, Jericho


Mwenye Cherehani, pole. Mke anayemwona mumewe akizimika polepole atajaribu chochote, na kwa matone ya kwanza sikulaumu, hukujua. Beseni je? Uliliona tundu kwa macho yako, ukamwacha mama wa watu aamini limechakaa, kisha ukarudi kushona pazia. Hilo pazia ni kitambaa, mama. Halizuii hata upepo.

Nimempigia mzee mmoja aliyetengeneza bunduki hizi miaka mingi. Nilipomsomea barua yako, swali lake la kwanza lilikuwa kama wote wako hai. Anasema bunduki hiyo husukuma risasi kwa hewa inayobanwa na springi, na ukitia mafuta ya cherehani pale hewa inapobanwa, yanashika moto humo ndani kama dizeli kwenye injini ya lori. Zile si nguvu za marehemu, ni mlipuko. Springi inaweza kukatika, vipande vikamrudia usoni anayelenga, na Jumamosi anayelenga ni mtoto wa mtu.

Kwa hivyo leo hii mwambie mumeo. Usianze na mwiko wala kiwanda, anza na beseni. Bunduki isifyatuliwe tena, hata mara moja ya kujaribu, hata "ili mafuta yaishe". Risasi zitoke zikafungiwe mbali nayo, na bunduki ifungiwe kwa kufuli. Nyuma ya kabati si mahali pa silaha katika nyumba yenye mtoto. Wewe usiiguse tena, na sababu si uanamke wako, ni kwamba hujui kama ina risasi. Hata yeye aishike kama yenye risasi, mtutu ukielekea chini, kidole mbali na kifyatuo.

Na yeye nina neno naye. Ua uliozungukwa na majirani si uwanja wa shabaha, na godoro si ukuta. Tena bunduki ya upepo ina sheria yake, na cheti cha marehemu hakirithiwi kama koti. Aende kituo cha polisi bila bunduki, akiwa na cheti cha marehemu kama kipo, aeleze, aulize waichukue vipi. Asithubutu kuipitisha mtaani imefungwa kwenye leso. Atakayeiona hatauliza kama ni ya upepo.

Mchungaji aambiwe baluni zitapigwa kwa mipira ya kurusha, na mumeo ndiye asimamie mchezo. Mama Kui mnunulie beseni, umwambie lilitobolewa na nini. Atafoka, na ana haki.

Unaogopa hatainuka tena. Siku ile alikula, akakuuliza habari za kazi yako. Bunduki haiulizi mtu habari za kazi, ni mumeo aliyeuliza, na bado yumo humo nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe umefika karibu mno.

Nilikutumia ujumbe Jumanne, nikatuma tena Jumatano, hukujibu, na Jumamosi hainingojei. Jina lako sijalitaja. Lakini bunduki ya upepo, godoro na beseni lililotoboka, Jericho nzima hakuna nyumba mbili zenye habari hiyo, na leo ni Ijumaa. Mwambie kabla hajaenda kwa kinyozi.